Jani la Kula na Jani la Pambo

Katika ua mmoja wa Palma au Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, unaweza kukuta mimea mitatu yenye majani ya vidole vidole, na mgeni akaiita yote muhogo. Akina mama wa Kimwani, wenyeji wa pwani hiyo, hawaichanganyi. Mpira, nduguye muhogo, umekwisha kuwa mti, jani lake ni pana, na kikonyo hakikushika ukingoni bali kimeingia ndani kidogo. Ule wenye maua mekundu kama matumbawe, majani yake yamechanikachanika mno na tunda lake ni laini. Huo ni pambo, tena ni sumu. Tunda la muhogo wenyewe lina mbavu sita.

Ninachokistahi zaidi ni namna wanavyolisoma doa la njano. Upo muhogo wa pambo ambao kila jani limetiwa njano katikati, kwa mpango, nalo limenyooka. Ugonjwa wa batobato nao hutia njano, ila ovyo ovyo, na jani hujikunja likapinda upande. Wa kwanza huachwa upendezeshe baraza. Wa pili haukatwi mbegu. (Mpira nao tusiudharau: miaka ya 1930 watafiti wa Amani, Usambara, waliupandanisha na muhogo wakitafuta mbegu ya kuhimili batobato, na ng'ambo ya mto Ruvuma, Tanzania, kisamvu chake huliwa.)

Lakini jani halisemi kama mzizi ni mchungu. Hapo kazi ni ya ulimi na kumbukumbu: kuonja kipande kidogo na kutema, na kujua mbegu ilitoka shamba la nani. Muhogo mchungu una heshima yake, maana nguruwe pori na wezi huukwepa, na makopa yake hutoa unga. Ila unataka kupewa siku zake za kuvundikwa na kuanikwa, sumu itoke. Mwaka 1981 huko Memba, mkoa jirani wa Nampula, ukame na njaa viliwafanya watu wafupishe siku hizo; zaidi ya 1,100 walipooza miguu. Waliuita ugonjwa huo mantakassa.

Waliokimbia Palma iliposhambuliwa Machi 2021 waliacha mashamba ambayo kila shina walilijua. Ugenini mtu hupanda pingili za kupewa, na ustadi wote wa jicho haumfikishi mbali.

Kwa hiyo nawe ukipewa pingili za muhogo, muulize aliyekupa: huu huchemshwa ukaliwa, au mpaka uvundikwe na kuanikwa?