Lebo ya Kubahatisha Hufunga Swali

Kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, barabara ya mtaa katika kata ya Lemara, jijini Arusha, ni mstari uliobandikwa lebo. Lebo moja inataja daraja la barabara, nyingine jina, na nyingine, iitwayo surface, inataja tairi linakanyaga nini: lami, zege, vitofali, changarawe au udongo. Katika lebo zote hizo, hii ya mwisho ndiyo inayochakaa upesi. Jina la mtaa hudumu miaka na miaka. Uso wa barabara hubadilika kifusi kikimwagwa au mkandarasi akimaliza kipande chake.

Ugumu unaanzia kwenye namna ramani hizi zinavyochorwa. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na hapa Tanzania kazi kubwa ilishika kasi mwaka 2015. Mwaka huo mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi kwenye mitaa ya Dar inayofurika, na mwaka huohuo mradi wa Crowd2Map ukaanza kuchora vijiji: watu wa kujitolea, wengi wakiwa nje ya nchi, wanafuata mistari ya barabara kwenye picha za satelaiti, na wenyeji wanaongeza majina. Mgawanyo huo umezaa matunda makubwa. Lakini lebo ya uso wa barabara haikupata mwenyewe. Aliye mbali anaona rangi tu. Aliye hapa ameombwa majina ya shule, zahanati na vitongoji, wala hakuulizwa kama lami inafika mpaka kanisani au inakatika kwenye kalavati.

Na rangi, hapa Arusha pembezoni mwa Mlima Meru, hudanganya. Mlima huu ni volkano. Udongo wake mahali pengine ni mwekundu, pengine kijivu, pengine mweusi, na barabara iliyomwagwa changarawe nyeusi ya volkano huweza kuonekana kutoka angani kama lami. Kinyume chake pia hutokea: lami nyepesi iliyokaa miaka kadhaa hupauka, vumbi la kiangazi hulala pembeni mwake, na mchoraji aliye mbali anaandika udongo. Zaidi ya hapo, picha yenyewe ina umri wake, na mchoraji asiyeutazama anaweza kuchora leo hali ya miaka iliyopita.

Kosa la kawaida zaidi ni la daraja. Mtu aliyezoea nchi ambako kila mtaa una lami akiona njia ya vumbi huiita njia ya shambani, hata kama ina nyumba pande zote mbili na daladala hupita. Ndiyo sababu wachoraji wa Afrika walikubaliana mwongozo uitwao Highway Tag Africa: daraja la barabara lifuate umuhimu wake kwa watu, na uso wake uandikwe kwenye lebo yake. Naliona hili kuwa jambo la haki kabla halijawa la kiufundi. Barabara ya vumbi inayopeleka wagonjwa hospitali si njia ya shambani.

Tuangalie sasa lebo hizo zinafanya nini zikiingia kwenye programu ya kutafuta njia, kwa mfano ile iitwayo OSRM. Katika mpangilio wa kawaida wa gari wa OSRM, barabara ya makazi hukadiriwa kasi ya kilomita 25 kwa saa. Ukiandika kwamba uso wake ni udongo kwa neno dirt au ground, programu inaweka ukomo wa kilomita 40 kwa saa. Ukomo huo uko juu ya kasi iliyokwisha kukadiriwa, kwa hiyo hakuna kinachobadilika. Ukiandika earth, udongo uleule, ukomo unashuka hadi 20. Ukiandika tope, unakuwa 10. Wachoraji wawili waaminifu, kwenye barabara ileile, wanaweza kumpa dereva makadirio mawili tofauti kwa sababu tu ya neno walilochagua kwenye orodha.

Lebo inayobeba uzito hapo ni smoothness, inayoeleza barabara inapitika vipi. Ina ngazi, kuanzia laini kabisa hadi isiyopitika. Ngazi ya barabara mbaya huweka ukomo wa 40, mbaya sana 20, na inayofuata 10. Maana yake ni kwamba kwa mitaa ya makazi, kuandika dirt au ground peke yake kunamsaidia msomaji wa ramani lakini hakumsaidii dereva anayeongozwa na programu hii. Anayetaka ramani iseme kweli kuhusu mtaa uliochimbika sharti ajaze lebo zote mbili, na kila moja ibebe habari yake. Mvua ya Aprili haiugeuzi mtaa wa changarawe kuwa mtaa wa tope kwenye surface; inaushusha ngazi ya kupitika.

Hoja yangu kuu ni hii: lebo iliyoachwa wazi ni bora kuliko ya kubahatisha. Programu ya simu ya StreetComplete humwonyesha mtumiaji barabara zilizo karibu naye na kumuuliza uso wake ni wa nini. Huuliza pale palipo wazi. Mtu aliye mbali akishaandika lami kwa kukisia rangi, swali linaondoka kwenye simu ya mkazi wa Lemara ambaye angelijibu kwa sekunde chache akiwa amesimama palepale, na halirudi mpaka miaka kadhaa ipite. Pengo linaonekana na mtu atalijaza. Kosa lililokaa mahali pa jibu halionekani. Kwa hiyo anayechora kwa satelaiti aandike surface pale tu anapokuwa na ushahidi wa pili, kama picha ya barabarani yenye tarehe.

Tarehe ndiyo nusu ya pili ya kazi. Mkazi akithibitisha kwamba barabara ni ileile, StreetComplete huongeza lebo ya check_date inayotaja siku uso ulipokaguliwa. Bila hiyo, lebo iliyoandikwa jana na iliyoandikwa miaka minane iliyopita zina sura moja mbele ya msomaji. Tarehe ya toleo la mstari haitoshi, maana mstari hupata toleo jipya hata mtu akisahihisha herufi moja ya jina.

Barabara kubwa hazisumbui sana. Barabara ya mchepuo ya Arusha, yenye kilomita 42.4, ilizinduliwa na wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na kila mtu alijua. Mtandao wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017, ndio unaohitaji macho: zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, sehemu kubwa ikiwa udongo na changarawe, na lami ikiongezwa kipande kwa kipande. Kila kipande kinamtaka mchoraji akate mstari pale hasa lami inapoishia. Akishakata, vipande vyote viwili hurithi lebo za zamani. Akibadilisha surface peke yake, kipande kipya cha lami kitabaki na ngazi ya mbaya sana na tarehe ya ukaguzi wa wakati wa vumbi, na programu itaendelea kukikwepa.

Mashine zimeanza kusaidia. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walitoa mwaka 2024 takwimu huria za dunia nzima zinazotenganisha barabara za lami na zisizo na lami, kwa kuifundisha kompyuta kusoma picha za barabarani zilizo kwenye jukwaa la Mapillary. Ni msaada wa kweli kwenye barabara zinazopigwa picha mara kwa mara. Kwa vichochoro vya Lemara ningezitumia kuonyesha pa kwenda kukagua, nisizimimine moja kwa moja kwenye ramani, kwa kuwa picha iliyopigwa kabla ya mkandarasi itasema vumbi kwa uhakika uleule.

Kwa kikundi kidogo chenye simu chache, ningepanga ukaguzi Juni, masika yakiwa yameisha na makorongo yakiwa bado hayajafukiwa na greda, kisha nirudie mitaa ileile baada ya greda kupita. Surface itabaki ilivyo karibu kila mahali. Smoothness na check_date ndizo zitakazobadilika, na ndizo dereva wa bajaji anazozihitaji kabla ya kukata kona.