Uso wa Mistari

Kiangazi cha Kolwezi hakimhurumii mchoraji wa sura. Rangi ya akriliki, ambayo ndiyo wanafunzi wengi wanaimudu bei yake, hukauka dakika chache baada ya kupakwa. Ile mbinu ya rangi ya mafuta, ya kulainisha mpaka wa mwanga na kivuli kwa brashi kavu, hapo haifui dafu. Shavu hubaki na mabaka. Mimi naona tuache kushindana na rangi, maana njia nyingine ilishapatikana Lubumbashi, kilomita 300 hivi kutoka hapa.

Mwaka 1946, mji huo ukiitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Le Hangar. Vijana aliwapa vifaa, akawakataza kuiga picha za Ulaya. Kila mmoja atafute mkono wake. Bela Sara akapaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki. Mwenze Kibwanga akajenga watu na wanyama kwa mistari mifupi mifupi.

Huyo Mwenze ndiye wa kusomwa na darasa la sura. Mwili katika kazi zake haupakwi rangi moja ukaachwa hivyo. Kahawia hulala ubavuni mwa manjano ya udongo, mistari ikifuata umbo, na jicho la mtazamaji ndilo linalochanganya. Rangi ikikauka upesi, haidhuru kitu: mstari wa pili unapita juu ya wa kwanza bila kuuchafua. Waitalia wa karne ya 14, waliochora kwa rangi ya kiini cha yai, walitumia mistari kwa sababu hiyohiyo.

Usoni, mistari izunguke paji la uso, ishuke shavuni kutoka sikioni kuelekea mdomoni, ifupike kwenye pua. Rangi nyeusi ya chupa ifichwe kabisa. Inaua ngozi yetu. Kivuli cha chini ya taya kitoke kwenye kahawia iliyokolea na bluu, na pale mng'ao wa anga unapogusa paji, ipite mistari michache ya bluu hafifu. Hapo ndipo uso unapoanza kupumua.

Lakini mistari peke yake haileti mfanano. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora juu ya magunia ya unga, na Lumumba wake hutambulika kwa mbali: miwani, ndevu za kidevuni, njia iliyochanwa kwenye nywele. Lumumba yumo pia katika picha 101 za historia ya Kongo alizomchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mwaka 1973 na 1974.

Basi mwanafunzi atafute kwanza alama tatu za mtu anayemchora, aziweke kwa penseli, ndipo afungue rangi. Aanze na brashi yenye ncha. Ile pana ingoje mandhari ya nyuma.