Lupita Hakuanzia Kwenye Oscar

Tangu Machi 2014, Lupita Nyong'o alipopata Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave, hatufanyi hafla huku ughaibuni bila mtu kusema, "Yule binti yetu." Haya, ni wetu. Lakini wengi humsimulia kana kwamba Hollywood ilimwokota njiani. Na wazazi hao hao wanaompigia makofi sebuleni, binti yao akitaja shule ya maigizo, humuuliza atakula nini.

Lupita alicheza Juliet wa Shakespeare jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14. The Constant Gardener (2005) ilipopigwa Kenya, alikuwa nyuma ya kamera pamoja na wafanyakazi wengine. Mwaka 2009 alitoa In My Genes, filamu ya makala kuhusu ualbino, na akaigiza katika Shuga. Ndipo akaenda Yale kusomea uigizaji kwa miaka mitatu, akamaliza 2012. Si hadithi ya mtoto wa maskini, tusidanganyane; baba yake ni profesa na mwanasiasa. Ila kazi aliifanya mwenyewe.

Mtazameni Patsey anaporudi shambani na kipande cha sabuni alichokwenda kuomba kwa jirani, kwa sababu bibi mwenye nyumba amemnyima. Bwana anataka kumchapa. Mwingine angelia tu. Lupita analia na kukasirika kwa pamoja: mwanamke anayechuma pamba kuwashinda wanaume anadai haki ya kuoga. Hasira ile ndiyo iliyomletea tuzo, kwa maoni yetu, wala si machozi.

Katika Us (2019) anacheza wanawake wawili wenye sura moja. Red mgongo umenyooka kama mchi, sauti inakwaruza kama ya mtu aliyekabwa koo. Sauti hiyo aliichota kwenye maradhi ya kweli. Wenye maradhi hayo wakalalamika, naye akawaomba radhi. Tunaona walikuwa na haki. Hata hivyo, kuwatofautisha wawili wale kwa mwili, si kwa nguo pekee, hilo hufundishwa jukwaani.

Kwetu sisi, kazi yake bora ni Queen of Katwe (2016), japo watu wa Kampala wanazungumza Kiingereza kupita kiasi. Mama Harriet, mjane anayeuza mahindi, hamkatazi binti yake mchezo wa sataranji kwa ukorofi. Anaogopa mtoto ataonjeshwa maisha ambayo yeye hawezi kumpa. Lupita hamwonei huruma mama huyu, wala hamfanyi mtakatifu. Baadhi yetu tumelelewa naye.

Na baada ya Oscar alirudi wapi? Jukwaani. Akiwa mwanafunzi mwaka 2009 alikuwa mwigizaji wa akiba katika Eclipsed, tamthiliya ya Danai Gurira kuhusu wanawake mateka katika vita vya Liberia. Mwaka 2015 aliicheza New York, na 2016 ikaingia Broadway: waigizaji watano, mwandishi na mwongozaji, wote wanawake weusi. Akateuliwa kuwania tuzo ya Tony.

Kwa mzazi anayeuliza gharama: tangu 2021 shule hiyo ya maigizo ya Yale haitozi ada ya masomo, kufuatia msaada wa dola milioni 150 kutoka wakfu wa David Geffen.