Sikio la Fundi wa Ekzosi

Pikapu inayopanda mlimani husikika kabla haijaonekana. Barabara za Kibosho, Uru na Old Moshi hupita juu ya migongo ya ardhi, na kati ya mgongo mmoja na mwingine kuna korongo lenye mto. Mtu hulizunguka korongo hilo kwa saa nzima, lakini sauti hulivuka mara moja. Ndiyo maana mama aliyeinama chini ya migomba anaweza kukuambia, bila kuinua kichwa, ni gari la nani linalopanda, na kama limebeba au ni tupu. Desemba, Wachagga wanapofurika kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kula Krismasi nyumbani, sauti ngeni huongezeka, na wenyeji huzijadili kama wanavyojadili wakwe wapya.

Katika mazingira ya namna hiyo, kubadili ekzosi ya gari ni kulichagulia sauti itakayosikiwa na kata nzima. Naandika kumsifu fundi anayeielewa kazi hiyo, maana nadhani hasifiwi vya kutosha. Fundi wa injini ana jina, fundi wa rangi ana jina. Wa ekzosi anaitwa tu mchomeleaji, analala chini ya gari kutwa, na anaibuka ana masizi mpaka kwenye kope.

Kijana anafika gereji na Hilux yake.

"Shikamoo, fundi. Nataka ingurume mpaka Marangu wajue nimefika."

"Marahaba. Unabeba nini, kijana wangu?"

"Ndizi. Nazitoa Mwika, nazileta mjini."

"Na kupanda?"

"Saruji. Mabati. Pumba za ng'ombe."

Hapo fundi wa kawaida angekuwa ameshashika grenda. Kukata sailensa na kuunga bomba tupu ni kazi ya nusu saa, na kelele itapatikana kweli. Fundi ninayemsifu anaendelea kuuliza. Injini ni 2L, 3L au 5L, zile dizeli zisizo na turbo? Au ni 1KZ yenye turbo? Mlima wa kutoka Himo hadi Marangu Mtoni unaupanda na gia ya ngapi ukiwa na mzigo? Amejua tayari kwamba ndizi zinashuka na saruji inapanda, kwa hiyo gari hili linafanya kazi yake ngumu taratibu, injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Jibu hilo ndilo litakaloamua unene wa bomba, kuliko hamu ya kijana.

Wengi tunadhani bomba likiwa pana zaidi gari hupumua vizuri zaidi. Wengine wanashikilia kinyume chake, kwamba injini lazima izuiwe kidogo ndipo iwe na nguvu. Pande zote mbili zinakosea. Moshi hautoki mfululizo. Kila pistoni husukuma pigo lake la hewa ya moto, na pigo linapokimbia bombani huacha nyuma yake mvuto unaolisaidia pigo linalofuata kutoka. Mvuto huo unategemea mwendo wa hewa. Wazee waliochimba mifongo kuleta maji mashambani walilijua jambo hili: mfongo mwembamba hufurika, na ukiupanua kupita kiasi maji yanakuwa mvivu na hayafiki shamba la mwisho. Hilux ya 3L ikiwekewa bomba la inchi 3 itanguruma sana pale stendi, kisha itachoka mapema mlimani. Bomba la inchi 2, au kupita hapo kidogo, linaitosha. Yenye turbo ni habari nyingine, kwa sababu feni ya turbo inahitaji njia wazi mbele yake, na inchi 2 na nusu huipa nafuu inayoonekana. Tena turbo yenyewe huyakata makali ya sauti, kwa hiyo mwenye 1KZ anaweza kufungua njia bila kuamsha watoto wa jirani.

Mlima nao una neno lake. Moshi mjini ni kama mita 850 hivi juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu limepita mita 1,800. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua uzito kwa takriban sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na turbo hupungukiwa kwa kiasi hichohicho. Dereva anayeona gari limekosa nguvu Marangu mara nyingi huilaumu ekzosi, wakati kilichopungua ni hewa inayoingia. Fundi mkweli humwambia hivyo hata kama kwa kusema hivyo anapoteza kazi.

Sasa sikio. Injini ya silinda nne huwasha mara mbili katika kila mzunguko. Ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, inapiga mapigo karibu 67 kwa sekunde, na hapo ndipo kibini ya pikapu nyingi huanza kuvuma. Mvumo huo hauko masikioni tu, uko kifuani. Ukienda nao kutoka Himo hadi Rombo unashuka na kichwa kinachouma. Land Cruiser yenye 1HZ, lita 4.2 na silinda sita, kwa mizunguko ileile hupiga mapigo 100, na ndiyo maana sauti yake hutoka imeungana, tulivu, bila kazi kubwa. Ya silinda nne inataka kusaidiwa. Fundi hukaa upande wa abiria, anamwambia dereva akanyage polepole, na anasikiliza ni wapi mvumo unapoanza na wapi unapoisha. Kisha anaongeza kasha dogo la kutuliza sauti katikati ya bomba, au anarefusha mkia, au anasogeza kishikio kilichokuwa kinapeleka mtetemo kwenye bodi. Nimeona gari likibadilika kabisa kwa kubadilishiwa tu mipira ya kuning'inizia.

Sailensa yenyewe ina umri mkubwa kuliko barabara zetu za lami. Milton na Marshall Reeves wa Marekani walipata hataza yao mwaka 1897. Kuna za aina mbili kuu. Moja ina vyumba na kuta ndani, na sauti hugongana humo hadi ichoke. Hewa nayo inachoka. Nyingine ina bomba lililonyooka lenye matundu, limezungushiwa sufi ya kioo inayonyonya makali ya sauti huku hewa ikipita bila kizuizi. Kwa anayetaka sauti nzito yenye heshima, hii ya pili ndiyo jibu, na fundi hodari huitengeneza mwenyewe kwa bati na bomba alilotoboa tundu kwa tundu.

Lakini kazi ninayopenda zaidi kuitazama ni kukunja bomba. Ekzosi ya pikapu lazima iruke juu ya ekseli ya nyuma, na bomba likikunjwa hivihivi hubonyea kwa ndani, njia ikawa nyembamba palepale lilipotakiwa kuwa wazi. Pasipo na mashine ya kukunjia, fundi hutumia mchanga. Anaukaanga juu ya bati mpaka ukauke kabisa, kwa sababu mchanga wenye unyevu hugeuka mvuke na kurusha kizibo kama risasi. Anaziba upande mmoja kwa kigingi cha mti, anamimina, anagonga bomba kwa nyundo ndogo huku amelitegea sikio. Mlio ukibadilika kutoka mwangwi kuwa mzito, anajua umejaa. Anaziba juu. Anapasha kwa moto wa gesi hadi chuma kiwe chekundu, kisha anakunja kwa mkupuo mmoja wa taratibu bila kurudia. Mchanga ukimwagwa, kona imebaki duara. Kule Mamba, jirani na Marangu, wahunzi bado wanafua chuma kwa mivuo, na ukimtazama huyu wa gereji akisubiri rangi ya moto utaona ni elimu ileile.

Yako mambo mawili asiyokubali kujadiliana na mteja. Bomba lazima litokee nyuma ya gurudumu la nyuma, lisiishie chini ya kibini, kwani moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyo na harufu, na nyuma ya pikapu zetu hupanda watu. Pia haelekezi mdomo wake kushoto. Tunaendesha kushoto, na kando ya barabara upande huo ndiko wanakotembea wanafunzi na akina mama waliojitwika ndizi.

Sheria ipo. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na trafiki wanaweza kukusimamisha. Hata bila kanuni, anayepita na bomba tupu saa nane za usiku mbele ya nyumba yenye mgonjwa amekosa adabu, na hakuna nguvu ya farasi inayofuta hilo.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kubadili ekzosi usianze kwa kutaja inchi. Mwambie fundi mzigo wako, barabara yako na jirani zako. Mpandishe garini, mpande naye mlima mmoja kabla hujamlipa, na asiporidhika na anachokisikia mwache alifungue tena. Kisha mlipe bei aliyotaja, bila kumpunja.