Injini Mpya Inayotoa Jasho

Malipo ya korosho yakishatoka, barabara ya kutoka Masasi kupanda Newala hujaa pikipiki ambazo viti vyake bado vina nailoni. Mkulima amepeleka mzigo ghalani kupitia chama chake cha msingi, amesubiri mnada, amelipwa, na kitu kikubwa anachonunua mwaka huo mara nyingi ni hicho. Ndiyo maana nimeona nieleze kwa kirefu namna kasoro ya kiwandani ilivyothibitishwa kwenye pikipiki moja mpya ya cc 125 iliyonunuliwa Masasi mjini na kijana wa bodaboda. Mafundi tunao wengi na wanajua kufungua injini. Kazi adimu ni kuthibitisha tatizo kabla spana haijagusa bolti hata moja.

Dalili ilikuwa ndogo. Upande wa kushoto wa injini, chini, vumbi jekundu lilikuwa linaganda na kuwa tope jeusi. Kijana akilifuta asubuhi, jioni limerudi. Fundi wa kwanza aliangalia mara moja tu akatoa hukumu: "Hiyo gasketi, kaka. Tufungue, tupake silikoni, unaondoka." Kijana akaenda kwa fundi mwingine, mtu mzima, naye akamwambia asikubali injini ifunguliwe na mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo. Ushauri huo ndio uliookoa pikipiki. Injini ikishafunguliwa mtaani, muuzaji ana jibu tayari: mmeiharibu wenyewe. Na silikoni ikishapakwa, hakuna awezaye tena kuonyesha oili ilikuwa inatokea wapi.

Upande wa kushoto una washukiwa wengi. Kwenye pikipiki nyingi ndogo spoketi ya mbele iko huko, na mafuta ya cheni yakipakwa kwa wingi hurushwa na mzunguko, yakatapakaa kwenye injini mpaka mtu akaapa kwamba injini inavuja. Kuna sili ya shafti ya spoketi, sili ya shafti ya gia, gasketi ya kava na nati ya kumwagia oili. Halafu kuna jambo linalosahaulika kuliko yote: bomba la kupumulia la injini. Pistoni ikishuka husukuma hewa iliyo ndani ya injini, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Bomba likikunjwa au likiziba, shinikizo hupanda na kuilazimisha oili ipite kwenye sili ambazo hazina ubovu wowote. Matokeo huwa hayohayo oili ikijazwa kupita kipimo, na injini za ukubwa huu huchukua takriban lita 1 tu. Muuzaji mwenye nia njema akimimina "ya kuongezea kidogo", ameshaanzisha uvujaji.

Kwa hiyo fundi alianza na vitu visivyohitaji spana. Pikipiki ilisimamishwa wima juu ya stendi, kipimo cha oili kikachunguliwa kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza, bomba la kupumulia likafuatwa kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Vyote vilikuwa sawa. Mafuta ya cheni yakafutwa kabisa ili yasiendelee kudanganya macho.

Injini ikiwa baridi, akaisafisha kwa brashi na mafuta ya taa, akamalizia kwa sabuni na maji kidogo, maana huku kwetu maji hayamwagwi ovyo, kisha akaiacha ikauke kabisa. Baada ya hapo akachukua poda ya kawaida, ile ya kupaka watoto, akainyunyiza upande wote wa kushoto mpaka chuma kikawa cheupe. Poda kavu hunywa oili papo hapo na kubadilika rangi, hivyo tone ambalo jicho lisingeliona huacha doa mahali hasa lilipotokea. Vumbi haliwezi kazi hiyo, kwa sababu hukusanya oili iliyokwisha kutiririka. Oili huteremka kwa uzito wake, na pikipiki ikitembea upepo huisukuma nyuma. Anayekisaka chanzo aangalie sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa. Tope lililo chini limekuja hapo kwa safari.

Injini iliwashwa, pikipiki ikiwa imesimama palepale, mpaka ikapata moto. Poda ikabaki nyeupe. Wengi wangeishia hapo. Fundi akamtuma kijana apande mwinuko kwa gia nzito kisha arudi, kwa sababu injini inayobeba mzigo hupata joto zaidi, na oili ya moto huwa nyepesi, hupenya pasipopitika ikiwa baridi. Aliporudi palikuwa na doa moja, dogo kama kichwa cha pini, juu ya ganda la injini lenyewe. Gasketi ilikuwa kavu. Sili zote mbili zilikuwa kavu. Doa lilikuwa mbali kidogo na maungio, karibu na nundu nene inayopokea bolti. Wakafuta, wakanyunyiza poda upya, wakarudia. Doa likatokea palepale.

Oili inatokaje kwenye chuma kizima? Maganda ya injini hizi hutengenezwa kwa aluminiamu iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu ya chuma, kazi ya muda mfupi mno. Hewa kidogo hunaswa ndani. Isitoshe, aluminiamu ikiganda husinyaa, na sehemu nene hupoa mwisho, wakati hakuna tena majimaji ya kujaza pengo. Hapo ndipo hubaki vitundu ndani ya chuma, kama vya kitumbua. Ngozi ya nje huganda haraka na huwa imeshikana, kwa hiyo vitundu havionekani na havina madhara. Tatizo huanza mashine inapochonga uso au kutoboa tundu la bolti: ngozi inaondoka, vitundu vinafunguliwa, na vikiwa vimeungana oili inapata njia. Viwanda vinaijua kasoro hii vizuri. Hupima maganda kwa hewa ya shinikizo, na mengine huyaokoa kwa kuyajaza utomvu maalumu ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Ganda hili lilipita bila kunaswa.

Ilibaki kuondoa maelezo mawili mengine. Ya kwanza ni jiwe, au cheni iliyokatika na kupiga ganda. Ufa wa kupigwa huwa mstari, na juu yake huwa na kovu; hapa palikuwa na nukta kwenye chuma kisicho na mchubuko. Ya pili ni uunganishaji. Pikipiki nyingi hutufikia zikiwa ndani ya makreti, na gurudumu la mbele, usukani na betri hufungwa hapa nchini. Ukikuta usukani umepinda, nati ya gurudumu imelegea au waya umebanwa, mlaumu aliyeunganisha. Injini, hata hivyo, kwa kawaida huja ikiwa imeshafungwa nzima, na ile ilikuwa bado na alama za rangi ya kiwandani kwenye vichwa vya bolti zake, hakuna hata moja iliyokwaruzwa. Kwangu, alama hizo zilikuwa na nguvu kuliko maneno yote ambayo kijana angeweza kuyasema dukani.

Kila hatua ilipigwa picha kwa simu: doa, bolti, na mita ya kilomita ikisomeka. Namba ya chesisi na namba ya injini ziliandikwa pamoja na tarehe ya kununua. Namba hizo ndizo zinazomwezesha mtengenezaji kujua pikipiki ilitoka kwenye fungu lipi. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Royal Enfield ya India iliita zirudi pikipiki 236,966 kwa sababu ya koili za kuwashia zenye kasoro, na iliweza kuzitaja kwa kuwa ilijua zilitengenezwa kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021. Kampuni yenyewe ilikadiria kwamba chini ya asilimia 10 ndizo zingehitaji koili mpya. Ubovu wa kiwandani mara nyingi huja kwa mafungu, na mteja wa Masasi anayepeleka namba kamili huenda akawa anamsaidia na mwingine aliyeko Songea.

Ikaandikwa barua fupi kwa muuzaji, nakala ya risiti ikiambatanishwa, kabla ya sevisi ya kwanza, ambayo watengenezaji wengi huipanga karibu na kilomita 500. Haraka hiyo ina sababu ya kisheria. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi wa bidhaa isiyo na ubora unaofaa kuuzwa, lakini anayekaa na bidhaa muda mrefu bila kusema kitu huhesabiwa kuwa ameikubali. Muuzaji akikaidi, kuna Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Mambo hayakufika huko. Muuzaji alijaribu hoja ya gasketi, akaonyeshwa picha, akazituma kwa wakala wake Dar es Salaam.

Pendekezo la kwanza lililorudi lilikuwa gundi ya chuma. Gundi hushika kwa muda, lakini chuma hupanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi kila siku, na oili husukuma kutoka ndani. Kwa pikipiki mpya kijana alikuwa na haki ya kukataa, akakataa. Lililokubaliwa ni kubadilisha ganda lenyewe, kazi ikifanywa na fundi wa muuzaji kwa gharama ya muuzaji.

Hapo pana jambo ambalo mwenye pikipiki asipoliangalia atalipa mwenyewe. Namba ya injini hugongwa juu ya ganda. Ganda likibadilika, namba iliyoko kwenye kadi ya pikipiki haifanani tena na iliyoko kwenye injini, na askari akilinganisha atakuwa na kila sababu ya kuishika pikipiki. Kwa hiyo kijana hakuichukua pikipiki siku ilipokamilika. Alisubiri barua ya muuzaji yenye mhuri, inayotaja namba ya zamani, namba mpya na sababu ya kubadilisha, akaenda nayo TRA kurekebisha kadi, ndipo akarudi kuifuata.