Kwa nini kidonge cha pili cha presha

Mgonjwa wa presha anayeongezewa kidonge cha pili kwenye kliniki mjini Kisumu huenda akaondoka akiamini kwamba hali yake imekuwa mbaya. Ushahidi hausemi hivyo. Presha hupandishwa na nguvu zaidi ya moja, na dawa moja, hata dozi yake ikiongezwa, huzuia moja tu kati ya nguvu hizo. Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Viktoria umechangia ushahidi huo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, mtafiti Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini huko kuhamia Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Baada ya muda mfupi presha ya waliohama ilikuwa juu zaidi, moyo wao ulidunda kwa kasi zaidi, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi ukiilinganisha na potasiamu. Walikuwa watu wa asili moja. Kilichobadilika ni maisha, chumvi ikiwemo.

Sodiamu huvuta maji, nayo damu huongezeka ujazo. Dawa ya haidroklorothiazidi huzuia figo kuirudisha sodiamu mwilini, ikatoka na mkojo. Ndiyo maana humezwa asubuhi, mgonjwa asiamke usiku kukojoa. Lakini mwili hujitetea: figo hutoa renini, nayo huanzisha utengenezaji wa anjiotensini, homoni inayobana mishipa na kuifanya figo ing'ang'anie chumvi. Dawa ya pili, perindoprili, huukatiza utengenezaji huo. Ya tatu, amlodipini, hupitia kwingine kabisa: hupunguza kalisiamu inayoingia kwenye misuli ya kuta za mishipa, na mishipa hulegea.

Je, kati ya dawa hizi tatu, jozi ipi ni bora? Jaribio la CREOLE, lililochapishwa mwaka 2019, liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa weusi 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, katika makundi matatu, kila kundi na jozi yake. Baada ya miezi sita presha yao ilipimwa kwa saa 24 mfululizo. Jozi mbili zenye amlodipini zilishusha namba ya juu ya presha kwa takriban milimita 3 zaidi ya jozi ya perindoprili na haidroklorothiazidi. Sababu moja inayotajwa ni kwamba Waafrika wengi wenye presha wana renini kidogo, kwa hiyo perindoprili haina mengi ya kuzuia.

Wapo watakaosema milimita 3 ni kitu kidogo. Kwa mtu mmoja, labda. Kwa jamii nzima, zinapunguza visa vya kiharusi. Wengine watapinga dawa kuchaguliwa kwa rangi ya ngozi, na wana hoja: huo ni wastani, na mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika, au figo zake zinavujisha protini, huhitaji dawa za jamii ya perindoprili, ilhali mjamzito hapaswi kuzitumia. Pingamizi zito zaidi ni madhara. Hapa jozi ina faida: amlodipini huvimbisha miguu zaidi dozi inapopanda, na perindoprili hupunguza uvimbe huo, hivyo dozi ndogo za dawa mbili huvumilika zaidi kuliko dozi kubwa ya moja. Mwaka huohuo wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu vidonge vyenye dawa mbili za presha pamoja. Mgonjwa anayechoshwa na wingi wa vidonge aulize kama kliniki yake inavyo, kabla ya kuacha kimoja kwa uamuzi wake mwenyewe.