Ua wa Kaliandra

Mkono uliozoea hukata kaliandra, mti wa malisho, kwa pigo moja la mshazari, shina lisipasuke. Mzee mmoja wa Embu niliyemtazama akikata, umande ungali kwenye majani, hakupima kwa chochote. Panga lake lilipita usawa wa mita moja hivi kutoka ardhini, mche baada ya mche, na nyuma yake ua ukabaki umenyooka kama uzi wa mwashi. Nikamwuliza mbona hashuki chini zaidi apate mzigo mkubwa. "Mwanangu," akasema, "mti huu uachie pa kuanzia. Ukiufyeka wote, kesho utalisha nini?"

Kaliandra ilitoka mbali, Mexico na Amerika ya Kati. Miaka ya 1990 watafiti na wakulima wa Embu waliijaribu pamoja, ikapewa kingo za matuta na mipaka ya mashamba, mahali isipogombania nafasi na mahindi. Wafugaji wa wakati ule waliishika hesabu yake: kilo 3 za majani mabichi hufanya kazi ya kilo 1 hivi ya chakula cha ng'ombe cha madukani, na miti 500 humtosha ng'ombe mmoja wa maziwa mwaka mzima.

Lakini hesabu haikati majani. Mbegu hulowekwa siku mbili, miche hulelewa kitaluni, kisha mtu hungoja karibu mwaka mzima kabla ya kugusa panga. Mzee huyu hukata majani ya siku hiyo tu, akayachanganya na napia iliyokatwakatwa, akasimama kando ya hori. Ng'ombe wake huchambua kwa ulimi, hutoa vijani vile vyembamba kwanza, napia baadaye. Jioni vijani vya uani hujikunja vyote, na anayepita asubuhi huviona vimefunguka tena, nyuki wakiwa juu ya maua mekundu.

Upande wa pili wa mpaka palikuwa na ua wa mti uleule. Ulifyekwa hadi usawa wa kifundo cha mguu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Visiki vingi vimekauka na mvua inamega ukingo wa tuta. Kijana wa boma hilo sasa huchukua magunia ya chakula kwa mkopo, na kila bei inapopanda hupunguza kipimo, maziwa nayo yakapungua. Analalamikia duka. Mzee yuko hatua chache tu kutoka kwake, panga mkononi kila asubuhi, na hajawahi kuulizwa.